Siku Niliyomtafsiria Mjukuu Wangu

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa kwanza wa lugha ya ishara kwenye kilima chetu, huku Mwakiro, Burundi. Hakuna aliyenichagua. Nilijipa kazi mwenyewe, kama mtu anavyojipa benchi la mbele kanisani, na nikaifanya miaka mingi kwa sauti kubwa. Kwa sauti, ndiyo. Mkalimani wa viziwi anayepiga kelele, huyo ndiye mimi.

Mjukuu wangu alipoteza masikio kule Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, kwa homa iliyomshika akiwa ameanza tu kusema "mama" na "uji". Homa ilipoondoka iliondoka na masikio. Baadaye mama yake, ambaye ni binti yangu wa kumzaa, naye akafariki, tukabaki wawili. Iliposemwa amani imepatikana, tukapanda lori la kurudi: mimi, yeye, sufuria na majembe. Watu waliobaki kilimani miaka yote ile walisimama kutuangalia tukishuka, wakakicheka Kiswahili chetu. Mi nilisoma mpaka darasa la tatu kule kule Tanzania, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha shule, hata kama shule yenyewe ilikuwa fupi. Wakatuita Watanzania. Mjukuu wangu wakamwita kiragi, neno la Kirundi la mtu asiyesema, na walilitamka mbele ya uso wake kwa kuwa hasikii. Kwa ajili ya neno hilo niligombana na soko zima la Gashoho, mpaka muuza dagaa mmoja akafunga biashara yake mapema akaenda nyumbani.

Kwa hiyo mtu asije akadhani sikumpenda. Nilimpenda kama mtu anavyompenda mbuzi wake mzuri: nilimlisha, nikamfunga, nikamsemea.

Kusema, tulisema kwa mikono. Nilijitungia ishara zangu. Mkono ukizoa hewa chini: fagia. Vidole mdomoni: kula. Ngumi ikipanda na kushuka: twanga. Kiganja kikisukuma: ondoka hapo. Kidole kikitikisika mbele ya pua: usithubutu. Nikitaka kumwita akiwa ananipa mgongo, nilimrushia ganda la maharage. Naye aliitikia kwa kichwa, alifanya, kazi ikaisha. Majirani waliposhangaa nikasema, "Tunaelewana kila kitu." Wakaniamini, kwa sababu nami nilijiamini.

Siku moja alikuja kwangu ameshika shavu, uso umevimba kidogo. Nikampeleka zahanati. Muuguzi akamwangalia yeye, akasema, "Binti, unaumwa wapi?" Mimi nikajibu, "Tumbo." Maana juzi yake alikula mapera mabichi, nilimwona. Muuguzi akaniuliza, "Na hilo shavu?" Nikamwambia, "Ameshika tu, ana tabia hiyo." Tukarudi na dawa ya minyoo. Mtoto alikunywa dawa ya minyoo kwa sababu ya jino, akanyamaza, mi nikajisifu kwa jirani jinsi nilivyomweleza muuguzi vizuri. Jino lilijitetea lenyewe, likaoza, likatoka.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Gitega.

Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, mkoba begani. Alitoka kwenye chama cha viziwi, wanaozunguka milimani kutafuta viziwi waliofichwa majumbani. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, akasema, na yeye mwenyewe anasikia vizuri, kazi yake ni ukalimani. Mi nikamwambia kwamba hapa hakuna aliyefichwa, na mkalimani yupo, anaongea naye sasa hivi.

Hakucheka. Akasema wana nyumba Gitega ambako viziwi wanafundishwa lugha ya ishara, kusoma, na kushona. Anaomba mjukuu wangu aende.

"Hataki," nikasema.

"Umemuuliza, mama?"

"Nimemuuliza."

"Akajibu nini?"

"Akafanya hivi." Nikatikisa kichwa upande na upande.

"Muulize tena nimwone."

Nikamgeukia mtoto, nikanyosha mkono kuelekea Gitega, kisha nikatikisa kidole changu mbele ya pua. Mtoto akatikisa kichwa upande na upande, haraka.

"Voilà," nikasema. "Hataki."

Yule mama hakubishana na mimi. Alichuchumaa mbele ya mtoto akaanza kusogeza mikono, polepole, na uso wake nao ukawa unafanya kazi kama uso wa mtu anayeonja mchuzi. Sijui alimwambia nini. Najua tu kwamba mjukuu wangu aliacha ufagio, akaingia ndani, akatoka na kanga yake imefungwa mzigo. Ndani yake zimo nguo zake zote na kijiko.

Nikalia? Sikulia. Nilimtikisia kidole hadi walipopotea nyuma ya migomba.

Alikaa Gitega muda mrefu, akirudi sikukuu na msimu wa kupanda. Kila akirudi mikono yake ilikuwa imeongezeka kasi na mimi nilikuwa nimebaki na kufagia na kutwanga. Nikaona nimfuate kule nijionee wanamfundisha nini. Nikafika nyumba yenyewe, nikasimama mlangoni. Chumba kimejaa vijana na vyerehani, miguu inakanyaga, mikono inaruka, na hakuna anayesema neno. Kijana mmoja aliyekuwa karibu na dirisha akaniona. Akanitazama juu mpaka chini, kilemba hadi kandambili. Kisha akapiga sakafu kwa mguu ili wenzake wageuke, akanionyesha, akatikisa kidole mbele ya pua.

Chumba kizima kikacheka. Kicheko cha viziwi kina sauti, msidanganyike, kinatoka tumboni kabisa.

Yule mama mkalimani akaja kunipokea, anauma midomo. "Karibu, mama. Wanakujua."

"Wananijuaje? Sijawahi kufika."

"Kila mtu hapa ana jina la mkono. Mjukuu wako anapokutaja anafanya hivyo. Ndilo jina lako."

Kumbe nilikuwa maarufu Gitega. Watu ambao sijawahi kuwapa hata maji walinijua kwa kidole. Nikamwambia mkalimani awaambie kwamba mimi ni mtu mpole. Aliwaambia. Walicheka zaidi.

Yule kijana wa dirishani, kumbe, ndiye aliyekuwa anamtaka mjukuu wangu. Kiziwi naye, fundi wa vitanda na viti, kwao ni Bugendana. Habari hiyo nilipewa na mkalimani, huku mjukuu wangu amekaa mbele yangu anaisema kwa mikono yake. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Si kwa ajili ya kijana. Nilikasirika kwamba damu yangu inaniambia anaolewa, na mimi nangoja mtu baki anifungulie kama kopo.

Mjukuu aliomba jambo moja. Siku ambayo ukoo wa kijana utakuja Mwakiro kumposa, aelewe kila kinachosemwa, na aulizwe yeye mwenyewe kama desturi inavyotaka. Kwetu wageni huleta pombe ya ndizi, na kabla haijaguswa, wazee wa nyumbani humwita binti wamuulize: hawa watu unawajua, pombe yao tuinywe? Akikubali, inanywewa. Akikataa, wageni hubeba mtungi wao. Yeye alishaona kwa jirani binti kiziwi aliyewekwa kwenye mkeka kama mzigo, watu wakanywa, wakacheka, akaja kujua ameolewa alipoona mkokoteni wa vitu vyake. Mjukuu akasema kupitia mkalimani: "Nikifanyiwa hivyo nitasimama na kurudi Gitega, na posa imekufa."

"Mwambie atatafsiriwa," nikasema.

"Nani atatafsiri?" akauliza mkalimani, ingawa alishajua jibu.

"Uwanja wangu, mjukuu wangu, mikono yangu. We njoo kama mgeni, utakula."

Siku ikafika. Mwakiro yote ilikuja, waalikwa na wasioalikwa. Wa Bugendana walipanda kilima kwa miguu na mtungi wao umefunikwa majani ya mgomba, mbele yao baba wa kijana, mzee mrefu mwenye kofia na uso usiocheka. Nikampenda hapo hapo, uso ulikuwa kama wangu. Mkalimani alikaa nyuma na akina mama wa jikoni. Mi nilivaa vitenge vyangu viwili vipya na kusimama katikati, pembeni ya mjukuu, ili nionekane.

Msemaji wa wageni akaanza. Ninyi mnajua wasemaji wetu. Akasalimia kilima, akasalimia mvua, akasifu ng'ombe wa babu zetu, akazunguka Bugendana yote akarudi, hajasema alichofuata. Watu wanaguna kwa raha. Alipomeza mate nikamgeukia mjukuu, nikampa tafsiri: nikamwonyesha yule mtu, kisha nikafungua na kufunga vidole kama mdomo. Basi. Ndiyo ilikuwa hotuba yote.

Mjukuu akanitazama. Akangoja. Nikamfanyia tena: yule, mdomo.

Msemaji wetu naye akajibu, kwa urefu ule ule, na mafumbo yake. Nikatafsiri: huyu naye, mdomo. Kijana wa Bugendana upande wa pili alikuwa ameweka mikono magotini, anatazama miguu ya watu. Nikaona mjukuu wangu anakunja mkeka kidogo kwenye ncha, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nikajua nikizubaa ananiacha hapo na vitenge vyangu. Lakini nilijiambia, subiri, swali lenyewe nitalifanya vizuri, hilo ndilo kubwa.

Msemaji wetu akasema, "Bon. Sasa binti aulizwe. Pombe hii tuinywe?" Akaniangalia.

Hata kuku walisimama. Nikakohoa. Nikanyosha mkono kwenye mtungi. Nikaweka vidole mdomoni kama mrija: kunywa. Nikazungusha mkono: sisi wote. Mjukuu akakunja uso. Nikarudia kwa nguvu, mtungi, kunywa, na kwa kuwa alikuwa bado amekaa tu na watu wote wanatungoja, kidole changu kikapanda chenyewe, kikatikisika.

Mjukuu wangu akasimama. Akavuka uwanja, akapiga magoti mbele ya mtungi, akaondoa majani, akashika mrija, akanywa.

Mama we! Binti anayeposwa, anakunywa pombe ya posa, wa kwanza, mbele ya wazee wa koo mbili, na anakunywa kama aliyetumwa, bila kupumzika.

Mjomba wa kijana akapiga kofi pajani. "Sisi Bugendana tunaposa, kumbe Mwakiro wanaonja kwanza!"

"Acheni amalize," mwingine akasema, "labda ina chumvi."

Msemaji wetu akaninong'oneza kwa meno, "Bibi, umemwambia nini huyu mtoto?"

"Nimemuuliza kama tunywe."

"Umemuuliza au umemtuma?"

Nikataka kumjibu, nikakuta mikono yangu iko hewani. Nilikuwa natafuta ishara ya kuuliza. Nikapita zote nilizokuwa nazo: fagia, kula, twanga, ondoka, njoo, lala, usithubutu. Nikazipekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye mto. Haikuwepo. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza yule mtoto chochote, kwa hiyo sikuwahi kuihitaji.

Mjukuu akajifuta mdomo. Hakuwa amelewa wala hakuwa anacheka. Alirudi kwenye mkeka wake, lakini hakukaa. Aliangalia nyuma, kwa akina mama wa jikoni, akamwita yule mkalimani kwa mkono. Mkalimani akasimama, kisha akaniangalia mimi. Hakupiga hatua. Mwenye uwanja nilikuwa mimi, na kama ningetikisa kichwa angekaa, na mjukuu wangu angetoka kwa lango lile na ndoa yake imeishia hapo, na Bugendana wangebeba mtungi uliopungua.

Nikasema, "Njoo, mama. Mi miguu inaniuma hata hivyo."

Miguu haikuwa inaniuma.

Jambo la kwanza alilosema mjukuu wangu kwa mdomo wa mkalimani lilikuwa hili: "Naomba hotuba zirudiwe. Zote. Kuanzia mwanzo."

Watu wakaguna, maana chakula kilikuwa kinapoa. Lakini wale wasemaji wawili! Hakuna mtu aliyewahi kuwaomba warudie. Walinyooka kama jogoo. Wakarudia kwa kuongeza, na mkalimani akatoa kila kitu kwa mikono, mvua, ng'ombe, na ule mzunguko wa Bugendana, na mjukuu wangu na yule kijana walikuwa wanatazama na kucheka panapochekwa. Walipomaliza, rafiki zao waliotoka Gitega wakainua mikono juu na kutetemesha vidole hewani. Hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Mzee mmoja wa kwetu alifunika kichwa kwa koti akiuliza nyuki wametokea wapi.

Ndipo msemaji wetu akauliza tena. Mjukuu akajibu: "Kabla sijasema, nina swali kwa baba wa huyu kijana."

Binti anayeuliza swali siku ya posa! Mzee wa Bugendana akavua kofia. "Aulize."

"Nyumbani kwenu, mtoto wenu mnaongea naye vipi?"

"Tunaelewana kila kitu," akasema mzee.

"Nionyeshe."

Yule mzee akaonyesha. Akasukuma kidevu kuelekea kisimani: chota maji. Akapiga makofi na kunyosha kidole: njoo. Akafanya kiganja: ondoka. Mwisho akatikisa ngumi. Mi nikacheka. Nilicheka kweli, nikajipiga paja, huyu mzee wa watu ni kichekesho gani! Nikageuka kutafuta wenzangu wa kucheka nao, nikakuta Mwakiro yote haimcheki mzee. Inaniangalia mimi.

"Mimi nimekulia kwenye mikono ya namna hiyo," akasema mjukuu wangu. "Nilikula, nikavaa, nikalindwa. Sikatai. Lakini siendi kuanza upya kwenye kidevu cha mtu mwingine. Chama wanafundisha familia. Mkikubali kujifunza, nakuja. Mkikataa, naomba mnisamehe kwa pombe niliyokunywa."

Mjomba wa kijana akamnong'oneza mzee, tubebe mtungi twende. Kijana hakusubiri mkalimani, alimtazama baba yake tu. Mwishoni mzee akarudisha kofia kichwani.

"Mi ni mtu mzima. Kuanza shule leo, watoto wa kilima watanicheka. Lakini nitaenda." Akanigeukia, akaninyoshea kidole, mimi. "Kama huyu bibi naye ataenda. Sitachekwa peke yangu."

Uwanja ukalipuka. "Ataenda! Ataenda!" Wa kwetu ndio waliopiga kelele zaidi, hao hao niliowaambia miaka yote kwamba najua kila kitu.

"Mimi tayari ninajua..." nikaanza.

"Bibi!" akasema msemaji wetu.

"Nitaenda," nikasema.

Mkalimani akanisogelea. "Basi anza sasa, mama. Muulize wewe." Akanionyesha ishara za mikono, ambazo hazikuwa ngumu. "Lakini swali liko usoni. Inua nyusi. Ukiziacha chini, umeamuru."

Mnazijua nyusi zangu? Hazikuwahi kupanda. Zilishuka nikiwa msichana, nikazizoea hapo zilipo. Nikafanya mikono, nikainua nyusi, nikasikia ngozi ya kichwa inavutika chini ya kilemba.

"Hapana, mama, hapo unatisha."

Nikajaribu tena. Mdomo ukafunguka wenyewe. Watoto wakaanguka chini kwa kicheko. Nikajaribu mara nyingine, na safari hii nikaacha kuwatazama watu, nikamtazama yeye. Pombe hii, tunywe? Nyusi juu. Nikazishikilia hapo.

Mjukuu wangu hakujibu haraka. Alizoea kuitikia kabla mkono wangu haujashuka, lakini siku hiyo aliniacha nimesimama hivyo, nyusi juu, jasho linaingia machoni, akafikiri. Alimwangalia kijana. Aliangalia mtungi. Aliniangalia mimi kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Nami, niliyekuwa sijawahi kungoja jibu lake, niliogopa. Maana angeweza kukataa. Sikuwahi kufikiri hivyo: kwamba ukimuuliza mtu kweli, anaweza kukataa.

Akageuka akamwambia mkalimani, "Na yule mzee naye aniulize."

Mzee wa Bugendana akaja akasimama kando yangu. Akatazama mikono ya mkalimani mara moja, akafanya, nyusi zake zikapanda laini chini ya kofia kama pazia. Mara moja tu! Rafiki za Gitega wakamtetemeshea vidole.

Mjukuu akatuangalia wote wawili tuliosimama pale tumemgeuzia nyuso zetu nzee, akasema ndiyo. Wazee wakainamia mirija kabla hajabadili mawazo.

"Bamwana," mzee akaniambia, maana sasa tulikuwa wakwe, "ulikuwa unakunja sana hapa." Akajigusa paji la uso, anifundishe.

Mi nikamwambia akae chini anywe.